Je, Wajua? Kisu cha Omobari Kiliishia Wapi

Je, wajua kwamba kabla Nairobi haijapata daktari bingwa wa kupasua ubongo, vilima vya Kisii na Nyamira tayari vilikuwa na wapasuaji wa vichwa? Mgusii, mwenyeji wa huko, humwita mpasuaji huyo omobari. Wakiwa wengi ni ababari. Kichwa kwa Ekegusii ni omotwe. Daktari Mwitaliano, Renato Ruberti, alianza kazi ya upasuaji wa ubongo Nairobi katika miaka ya 1960. Wakati huo ababari walikuwa wamekwisha kurithishana kazi kwa vizazi, mzee akimfundisha mwanawe.

Wengi wakisikia habari hii hudhani ni mambo ya kutoa pepo. Lakini mgonjwa wa omobari kwa kawaida alikuwa mtu aliyepigwa rungu kwenye ugomvi au aliyeanguka vibaya. Jeraha likapona kwa juu lakini kichwa kikakataa kunyamaza. Kinauma miezi, pengine miaka. Mwisho jamaa zake wanakata shauri.

Jamaa hao hao ndio wanaomshika. Omobari anapasua ngozi mpaka mfupani. Damu ikibubujika, vidole vya msaidizi vinaibana, na dawa za mitishamba zinasaidia. Hatoboi kwa keekee kama seremala. Anakwaruza. Kisu kilichopinda kinapita juu ya mfupa taratibu, unga mweupe unatoka, anaupangusa, anatafuta ufa, anakwaruza tena. Ni kazi ya saa, si ya dakika. Kisha anafika mahali ambapo mfupa umekwisha na chini yake kuna utando mweupe unaong'aa, unapanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo. Hapo kisu kinasimama.

Hakikwenda hata nukta mbele, na hiyo ndiyo elimu yote. Omobari hakuwa na mchoro wa ubongo ukutani, ila mkono wake ulijua mpaka uko wapi.

Je, wajua kwamba Wagusii hawakuwa peke yao? Ufaransa yamefukuliwa mafuvu yenye matundu ya kukatwa, ya miaka elfu saba hivi iliyopita, na Peru yako tele. Mwaka 1867 fuvu moja la Peru lilifikishwa mbele ya daktari Paul Broca mjini Paris. Akaligeuza, akatazama kingo za tundu, akasema mwenye fuvu alikatwa akiwa hai na akaishi siku kadhaa baadaye. Wenzake walisita kuamini, maana katika hospitali zao za enzi hizo, ambapo daktari alitoka kwa maiti akaenda kwa mgonjwa bila kunawa mikono, kufunguliwa fuvu na kuchimbiwa kaburi yalikuwa mambo yanayokaribiana.

Kisii hakukuwa na haja ya kufukua. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwafuata ababari na wagonjwa wao wakiwa hai, akaandika aliyoyaona. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa amepasuliwa mara nyingi hata sehemu kubwa ya juu ya fuvu lake ikawa haipo, naye bado alikuwa na watu. Wageni walioandika habari za ababari walisema vifo vilikuwa vichache. Mimi nakubali nusu. Mgeni huletewa aliyepona. Aliyezikwa nyuma ya migomba haji kuhojiwa.

Je, wajua kwamba ubongo umevaa nguo tatu chini ya mfupa? Ya nje ni nene na ngumu kama turubai. Ndiyo ile iliyokisimamisha kisu. Ya kati ni nyepesi na ina nyuzinyuzi kama nyumba ya buibui. Ya ndani ni nyororo, imegandamana na ubongo na kuingia kila kikunjo. Wazungu huziita kwa Kilatini mama mgumu na mama mpole, na si wao waliobuni majina hayo. Waliyatoa kwa waganga wa Kiarabu, waliouita utando wa nje umm, yaani mama, na katika karne ya 12 mtafsiri akayapeleka Ulaya jinsi yalivyo. Mswahili anayemjua Ummu Kulthum tayari anajua nusu ya jina.

Nguo hizo zikishambuliwa na vijidudu, ugonjwa wake ndio tunaouita homa ya uti wa mgongo. Jina linapotosha kidogo, kwa kuwa tando hizo huanzia kichwani na kushuka mgongoni. Ila linatukumbusha dalili: shingo inakakamaa, na ukimwambia mgonjwa aguse kifua kwa kidevu hawezi. Homa, kichwa kikali na shingo ngumu kwa pamoja ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba ubongo wenyewe hauumwi? Unaweza kuguswa, hata kukatwa, bila mwenyewe kusikia lolote, kwa kuwa hauna vipokezi vya maumivu. Kuna operesheni ambazo madaktari humwacha mgonjwa macho akiongea nao huku ubongo wake uko wazi. Vinavyouma kichwani ni ngozi ya juu, ngozi nyembamba inayofunika mfupa, ule utando mgumu, mishipa ya damu na misuli ya shingo. Basi mgonjwa wa omobari aliteseka zaidi mwanzoni, ngozi ilipochanwa. Mfupa ukishavuliwa ngozi yake, kuukwaruza huumiza kidogo kuliko anavyodhani mtazamaji, ingawa ile sauti ya kisu ndani ya kichwa chako mwenyewe sidhani kuna aliyeizoea.

Ngozi ya kichwa, kwa taarifa yako, hutoka damu nyingi kuliko ukubwa wa jeraha. Mishipa yake imeshikiliwa na nyuzi ngumu zinazoizuia kujikunyata inapokatwa. Dawa ya kwanza ni ile ile ya msaidizi wa omobari: ibane dhidi ya mfupa kwa kitambaa safi, na usiachie kila mara kwenda kuchungulia. Ila kama unahisi mfupa umevunjika au umebonyea hapo chini, usikandamize. Funika tu na ukimbize mtu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Pakiti ya unga ya kilo mbili inaushinda.

Lakini ukiwa kichwani haulemei hata gramu mia. Unaelea. Kati ya utando wa kati na wa ndani kuna maji maangavu, mililita 150 hivi, kikombe kidogo cha chai. Ndani ya maji hayo uzito wake hushuka hadi gramu 50 hivi, la sivyo ungejiponda wenyewe kwenye sakafu ya fuvu. Mwili hutengeneza maji hayo karibu nusu lita kwa siku, ya zamani yakinyonywa kurudi kwenye damu, kwa hiyo kikombe hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku.

Mlango wa kutokea ukiziba, maji yanajaa, na mtoto mchanga ambaye mifupa yake ya kichwa haijashikana huanza kuvimba kichwa. Zamani mtoto kama huyo alifichwa ndani. Mwaka 2001, Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari Mmarekani Benjamin Warf alianza kutibu watoto hao kwa njia mpya: badala ya kupachika mpira wa kutoa maji, ambao huweza kuziba mama akiwa mbali na hospitali, aliingiza kamera nyembamba, akafungua njia nyingine ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza. Aligundua pia kwamba wengi wa watoto wale walikuwa wamepata maambukizi wakiwa na umri wa wiki chache tu. Njia ya Mbale leo inatumika hata Marekani. Kwa mara moja dawa ilisafiri kutoka huku kwenda kule.

Je, wajua kwa nini panja ni mahali pa hatari? Ni pale kando ya jicho, juu kidogo ya shavu. Mifupa kadhaa ya fuvu hukutana hapo, ni myembamba, na ndani yake unapita mshipa wa damu. Pigo la hapo linaweza kuupasua, na damu ikajaa kati ya mfupa na ule utando mgumu. Ujanja wake ni huu: mtu hupoteza fahamu, akazinduka, akasema yuko sawa, akaomba hata chai, kisha baada ya saa chache akazama tena. Ndiyo maana aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu haachwi alale peke yake nyumbani ati amepona. Hapa utaona pia kwamba ababari hawakuwa wapuuzi. Kutoa mfupa ili kilichojaa chini yake kipate nafasi ni jambo ambalo daktari wa leo hulifanya pia, yeye akiwa na picha ya mashine, dawa ya usingizi na mikono iliyooshwa.

Siku hizi vichwa vinavyopelekwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii havikupigwa rungu. Ni vya bodaboda. Utafiti wa nchi nyingi ukikusanywa pamoja unaonyesha helmeti hupunguza hatari ya mwendeshaji pikipiki kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Hiyo ni helmeti iliyo kichwani na kufungwa mkanda, si ile inayoning'inia kwenye usukani kutoka Keroka hadi mjini.

Je, wajua kwamba unaonea kisogoni? Macho hupokea mwanga tu. Picha inasukwa nyuma kabisa ya ubongo, pale unapogusa ukiinamisha kichwa. Mtu akianguka chali akagonga kisogo huona nyota, na nyota hizo ni za kweli kwa maana moja: mtambo wa kuonea umetikiswa. Sijui aliyebuni msemo wa kumpa mtu kisogo alikuwa akifikiria nini, lakini anayekupa kisogo amekuelekezea sinema yake.

Upande wa kushoto wa ubongo huendesha mkono na mguu wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto. Nyuzi zinapishana chini ya ubongo, karibu na mahali kichwa kinapokalia shingo. Kwa hiyo mzee aliyepatwa na kiharusi akapooza mkono wa kulia, jeraha liko kushoto. Na mara nyingi mzee huyo huyo atapoteza maneno, kwa sababu kwa watu wengi lugha nayo hukaa kushoto. Aliyeanza kulionyesha hilo mwaka 1861 alikuwa Paul Broca, yule yule wa fuvu la Peru. Mgonjwa wake alielewa mengi aliyoambiwa, lakini kinywa kilitoa silabi moja tu: tan.

Kuhusu lugha, mtoto wa Nyamira ana kazi ya ziada. Kwa Ekegusii, tata ni baba mzazi, na baba ni mama! Anaingia darasani, neno lile lile linageuka jinsia, na mchana kuna Kiingereza. Ubongo hauzitengi lugha tatu katika vyumba vitatu. Kwa kiasi kikubwa hutumia mitambo ile ile kwa zote, na kazi kubwa ni kuizuia moja wakati nyingine inasema. Mtoto wa miaka sita akiita baba jikoni bila kukosea, usishangae nani ameitika.

Kiswahili chetu nacho kina kosa la kukiri. Neno mshipa tumelibebesha mizigo mingi mno: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mshipa wa shingo uliokaza, na mwingine akisema ana mshipa utamkuta ana ngiri. Katika safu hii mishipa ya fahamu tuiite neva, tuelewane.

Je, wajua kwamba seli za neva kwenye ubongo wako ni kama bilioni 86? Na kwamba nyingi zake, karibu bilioni 69, zimebanana kwenye ubongo mdogo, ule uliojificha nyuma na chini, wenye uzito wa sehemu moja tu kati ya kumi ya ubongo wote? Kaa Tabaka, kwa wachonga mawe wa Kisii, nusu saa utazame mchongaji, utajua ubongo mdogo unafanya nini. Jiwe limelowa maji ili vumbi lisiruke. Kisu kinaondoa ganda la waridi, jiwe linazungushwa robo, kisu kinarudi, naye anazungumza na mpita njia kuhusu bei. Haangalii kisu. Ubongo mkubwa umetoa amri moja, kwamba leo ni kiboko. Ubongo mdogo ndio unaopima kila msukumo, umekwenda mbali, punguza, pinda. Neva zilizo ndani ya misuli humwambia kila kiungo kiko wapi hata akifumba macho.

Mikono yake, na midomo na ulimi, vimepewa eneo kubwa la tabaka la juu la ubongo kuliko mgongo mzima. Kama mwili ungechongwa kulingana na maeneo hayo, sanamu ingekuwa na viganja kama sinia, midomo minene na kiwiliwili cha kuku. Tabaka lenyewe lina unene wa milimita mbili hadi nne, na likikunjuliwa lingekuwa kama kitambaa cha nusu mita kwa nusu mita. Ndiyo sababu limekunjamana. Fuvu ni begi dogo.

Amarwa, yaani pombe, huingia kwenye ubongo mdogo mapema. Kuyumba, kuongea kwa kuvuta, kushindwa kugusa pua kwa kidole, hiyo ni saini yake. Na kama mpishi ametia methanoli, ini huigeuza kuwa asidi inayoua neva ya macho. Mtu hulala amelewa akaamka kipofu.

Sasa riadha. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, ndiye Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, mwaka 1968. Alitumia dakika 29, sekunde 27.4, yaani karibu mita 5.7 kila sekunde. Amri kutoka ugwe wa mgongo wake kwenda kwenye misuli ya paja ilipita kwenye neva nene zilizofunikwa kwa mafuta, ambazo zinaweza kufikisha mita 120 kwa sekunde. Ingekuwa mbio, ingemaliza umbali wake kwa sekunde 83 tu. Lakini kuna neva nyembamba zisizo na mafuta, zinazobeba maumivu mazito, nazo hukokota mita moja hivi kwa sekunde. Hizo Temu angeziacha mbali kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza.

Umeshayaona haya kwako mwenyewe. Ukijikwaa kidole cha mguu gizani, kwanza unapata mchomo mkali wa papo hapo. Halafu kuna kimya kifupi cha kuogofya, unajua kitu kinakuja. Ndipo kinafika kile kiungulia cha mguu, kizito, cha kukukalisha chini. Ni habari moja iliyotumwa kwa wajumbe wawili, mmoja kwa pikipiki, mwingine kwa miguu. Na ukishika pale na kusugua maumivu hupungua kweli, kwa sababu habari za mguso hupita kwenye neva za kasi na kuubana mlango mgongoni kabla mjumbe wa miguu hajamaliza kupita.

Je, wajua kwamba ugwe wa mgongo hauufikii mwisho wa mgongo? Una urefu wa sentimita 45 hivi, unakoma usawa wa kiuno cha juu. Chini ya hapo ni mkia wa neva unaoning'inia ndani ya maji, na ndipo daktari huchoma sindano ya kutoa maji ya kupima. Watu huikataa sindano hiyo kwa kuogopa kupooza. Sindano huingia chini ya mahali ugwe unapoishia.

Kutoka kwenye ugwe zinatoka jozi 31 za neva. Kutoka ubongoni moja kwa moja, jozi 12. Moja ya hizo 12 ni mzururaji: inashuka shingoni, inagusa moyo, mapafu, tumbo na sehemu kubwa ya utumbo. Utumbo nao una mtandao wake wa mamilioni mengi ya seli za neva, unaoweza kusukuma chakula bila kuuliza kichwa.

Mguu uliokufa ganzi baada ya safari ya matatu ya watu watano kwenye kiti cha watatu haukukosa damu tu. Neva iliyo kando ya goti imebanwa. Ikiachiwa inaanza kupiga kelele ovyo, ndivyo vile visindano.

Je, wajua kwa nini pepopunda huanza na taya? Mdudu wake hukaa kwenye udongo na samadi, huingia kwa msumari au kwa kitovu kilichokatwa kwa kitu kichafu. Sumu yake huingia ndani ya neva na kupanda kuelekea ugwe na shina la ubongo. Neva ya taya ni fupi kuliko ya mguu, basi sumu hufika mapema. Ikifika huua breki. Misuli yetu hulegea kwa sababu kuna seli za kuiambia legea. Hizo zikizibwa, misuli yote hukaza pamoja, mtu akapinda kama upinde huku akili timamu. Chanjo ya mama mjamzito ipo ili mtoto asionje hayo.

Kichaa cha mbwa nacho hupanda neva, polepole. Ndiyo maana kuumwa usoni ni hatari ya haraka kuliko kuumwa kifundo cha mguu, na ndiyo maana kuna muda wa kukiwahi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo. Kikishafika ubongoni hakuna dawa.

Aliyeanguka kifafa usimtie kijiko mdomoni. Hawezi kumeza ulimi wake. Ondoa mawe na kiti vilivyo karibu, mlaze ubavu, tazama saa. Zikipita dakika tano, tafuta gari.

Je, wajua kinachokuamsha kwenye kikombe cha chai ya Nyamira? Kadri unavyokaa macho, ubongo hujikusanyia kemikali ya uchovu iitwayo adenosini, inayokaa kwenye viti vyake na kukuita usingizi. Kafeini imefanana nayo kiasi cha kuvikalia viti hivyo bila kusema neno. Uchovu haukuondoka, umesimama mlangoni hauna pa kukaa. Kafeini ikitoka, unaingia wote pamoja. Wachuma chai wa Kebirigo, wanaovuna majani mawili na chipukizi kabla jua halijawa kali, wanavuna hasa sumu ya mmea ya kufukuzia wadudu.

Na saga, ile mboga Wagusii waiitayo chinsaga? Ina foleti, na foleti hutakiwa mapema kuliko mtu anavyodhani. Bomba litakalokuwa ubongo na ugwe wa mtoto hujifunga kufikia siku ya 28 ya mimba, wakati mama wengi hata hawajajua. Lisipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mbichi yake ni chungu, na ikichemshwa sana foleti hupungua, basi sisemi mengi juu ya mapishi ya magokoro wangu, bibi aliyekuwa akiichemsha mpaka jirani ajue.

Obokano, kinanda cha Wagusii chenye nyuzi nane, hulia kwa sauti nzito ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikioni. Ndani ya sikio kuna konokono wa mifupa, mizunguko miwili na nusu. Sauti nyembamba hukamatwa mlangoni mwake, sauti nzito husafiri hadi kileleni. Obokano huenda mpaka mwisho wa njia.

Je, wajua kwamba unaweza kuuona utando ukicheza bila kisu chochote? Mtazame mtoto mchanga akinyonya kwa utulivu. Juu ya kichwa, utosini, kuna mahali laini ambapo mifupa haijakutana. Ngozi ya hapo inapanda na kushuka, taratibu, pamoja na moyo. Kati ya miezi 12 na 18 mara nyingi panakuwa pamefunga. Mfupa uliotolewa na omobari, kwa mtu mzima, haukui tena. Hubaki kovu la ngozi, na yeyote aliyeweka kidole juu yake kwa upole alihisi kitu kile kile kikidunda.